Munywani wa Nyabihya

Lori liliporudi kutoka Nyabihya lilikuwa limejaa watu mpaka mlango wa nyuma, lakini kwenye benchi, ubavuni mwa Mutembei, palibaki nafasi ya mtu mmoja na hakuna aliyekaa. Si kwamba hawakuiona. Mama mmoja wa kitengo cha kuchambua kahawa, aliyesimama tangu geti la hifadhi akishikilia chuma na kulalamikia magoti yake, alionyeshwa nafasi ile na Mutembei mwenyewe. Aliitazama, akatikisa kichwa. "Hapo pana mtu," alisema, na akaendelea kulalamikia magoti.

Mutembei alicheka, akadhani anataniwa. Kisha akaweka kiganja juu ya ubao wa benchi. Ulikuwa na joto, tena umelowa, kama mahali alipoinuka mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Jioni ilikuwa imeanza kupoa, upepo wa Muleba unapenya kwenye turubai, na mbao nyingine zote zilikuwa baridi. Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali, na njia nzima hadi Bukoba hakuugeuza uso upande ule.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, na kiwanda cha kukoboa kahawa kiliamua kwamba wafanyakazi wake waione nchi yao, kwa sababu, kama alivyosema katibu wa tawi katika hotuba ndefu kuliko barabara, wanyama walikuwa wa wakoloni na sasa ni wetu sote. Basi watu wakapakiwa alfajiri kwenda kuangalia mali yao. Mutembei alikuwa mshona magunia. Kazi yake ilikuwa kufunga midomo ya magunia yaliyojaa kwa sindano ndefu ya chuma na uzi wa katani, na siku moja kabla ya safari sindano ilimpitia kiganjani. Alifunga kitambaa akaenda hivyo hivyo. Nani angeacha kumwona tembo kwa ajili ya kidonda?

Mkewe Joviana alibaki. Alikuwa na mimba ya kwanza, iliyokuja baada ya miaka ya kungoja na kusemwa, na mkunga alimkataza kabisa kupanda lori. Alimfungia mumewe ndizi za kuchoma, akamtilia mfukoni akamwani, kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa ikiwa mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha ikaanikwa, ambayo Mhaya aliyelelewa vizuri hatoki nyumbani bila nayo.

"Usitafune peke yako," alimtania. "Nisisikie umenitia aibu huko kwa nyani."

Aliyewaongoza hifadhini alikuwa askari wa wanyamapori, Ishengoma, mwembamba, mwenye kofia ya kijani na bunduki ya zamani. Alisimama mbele ya lori akiwatambulisha wanyama kama anavyofanya mshenga harusini: huyu ni nyamera, ana haraka lakini hana pa kwenda, wale ni nyati, wasalimieni kwa mbali, na yule mwenye shingo ndefu hana haja ya kutambulishwa. Watu walicheka mpaka wakasahau vumbi. Waliwaona viboko kando ya ziwa, wakamwona tembo mmoja mzee akijikuna kwenye mti, na katibu wa tawi akapiga makofi kana kwamba tembo ametimiza lengo la mwaka.

Kisha wakafika Nyabihya. Ni bonde la mawe meupe, halina hata jani, linanuka kiberiti na mayai viza, na maji yanatokota kwenye mashimo bila moto wowote unaoonekana. Shimo moja kubwa hukaa kimya, kisha hukoroma chini kwa chini, kisha hurusha maji juu kuliko mti, na mvuke hufunika bonde zima.

"Tazameni mtakavyo," Ishengoma alisema, na hapo hakutania. "Lakini shimo likirusha, rudini nyuma. Msisimame ndani ya mvuke. Humo mtu hajui aliye karibu naye."

Walicheka tena, kwa mazoea tu. Shimo liliporusha, wengine walikimbia wakipiga kelele za furaha, Mutembei akabaki kushangaa, na mvuke ukamfunika. Haukuwa mkali. Ulikuwa wa uvuguvugu, mzito, mweupe kila upande, na sauti za wenzake zikawa kama zinatoka nyumba ya pili. Kwa kuwa hakuona pa kukanyaga, alisimama akatoa kahawa mfukoni. Hapo ndipo alipohisi kuna mtu ubavuni, bega kwa bega, anapumua taratibu.

Kwetu kutafuna kahawa mbele ya mtu bila kumpa ni ukosefu wa adabu usiosameheka. Mutembei hakufikiri. Alilipasua tunda moja la kahawa, zikatoka punje mbili, akanyoosha kiganja. Kitambaa kilikuwa kimelowa mvuke, kidonda kimefunguka, na punje zote mbili zilikuwa na damu yake. Mtu wa kawaida huchukua kwa vidole. Huyu aliinama, akaichukua punje moja kwa midomo, midomo ya moto, kutoka kiganjani. Kisha akaiokota ya pili, akaiweka kwenye kiganja chake mwenyewe, nacho kimelowa kama kidonda kibichi, akakisogeza hadi mdomoni mwa Mutembei. Na Mutembei, kwa aibu tu, kwa kutotaka kumtemea mgeni usoni, akaimeza. Ilikuwa na chumvi.

Mvuke ulipotawanyika alikuwa peke yake kwenye mawe. Wenzake wote walikuwa kule karibu na lori wakila.

Hakuna Mhaya asiyejua alichokuwa amekifanya. Ni omukago. Watu wawili wanaopendana hupasua kahawa, kila mmoja huipaka damu yake, na kila mmoja humeza ya mwenzake kutoka kiganjani. Wakishameza ni wanywani, na unywani unapita udugu wa tumbo moja. Munywani wako huingia kwako bila kubisha. Akiomba, hanyimwi. Ukimnyima, ile punje uliyoimeza huota tumboni, nawe huvimba hadi ufe. Wazee walilisema hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anavyosema mvua itanyesha.

Mutembei aliyajua hayo yote, na njia nzima alijiambia kwamba ni mwenzake mmoja aliyemfanyia mzaha. Hata aliutafuta uso wa mchekeshaji ndani ya lori. Hakuupata.

Yeye na mkewe walikuwa wamepanga chumba Kashai, mtaa wa Bukoba, kwenye nyumba ndefu ya vyumba vingi na uwanja mmoja. Asubuhi iliyofuata Joviana alichota maji ya mtungi akayarudisha. "Nani ameyapasha moto?" aliuliza. Mchana kuta zilitoa jasho. Harufu ya kiberiti ikakaa kwenye shuka, kwenye nguo zilizotoka kuanuliwa juani, kwenye nywele za Joviana. Wakati wa kula akapakua sahani tatu.

"Nani mwingine?" Mutembei aliuliza.

Joviana aliitazama sahani ya tatu kama ameiona sasa hivi. "Sijui, waitu, mume wangu. Mkono umeniongoza."

Waliiacha pale. Walipomaliza, ndizi za sahani ile zilikuwa bado zimejaa, lakini zimekuwa nyeupe na teketeke, hazina chumvi wala harufu, kama zilizokwisha kutafunwa na kurudishwa. Mbwa wa jirani alizinusa, akaondoka na mkia chini ya tumbo.

Yule mgeni wa mvukeni alizungumza kwa mara ya kwanza adhuhuri moja ya mvua, Joviana akiwa kliniki. Mutembei alikuwa amekaa kitandani na sufuria ya maharage ikichemka kwenye jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umezimika. Maharage yaliendelea kuchemka.

"Munywani," sauti ilisema kutoka kwenye mvuke. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kungoja. "Nina njaa."

Mutembei aliinuka, akarudi nyuma hadi ukutani. "Mimi sikujui," alinong'ona. "Ondoka kwangu."

Kabla mvua haijakatika, mkanda wa suruali ulianza kumbana, na tumbo lake likawa gumu, limejaa, lina joto ndani, na kitu kidogo katikati yake kikapiga kama mshipa. Alilia, ndiyo, mwanamume mzima alilia, akapakua maharage akayaweka chini mbele ya kiti kitupu. Tumbo likashuka kidogo. Tangu siku hiyo hakuthubutu kukataa.

Kile kisichoonekana kilipoomba kiti, alikipa kiti, na hakuna mtu tena aliyeweza kukalia kiti kile. Kilipoomba mkeka, alikipa mkeka. Kilipoomba kulala upande wa mlango, Mutembei akalala upande wa ukuta, na akamdanganya mkewe kwamba mgongo unamuuma. Joviana hakuwa mjinga. Alikuwa akiusikia mkeka ukilalamika chini ya uzito, aliuona ukilowa bila mtu, na siku moja alimshika mumewe mkono akasema kwa sauti ndogo sana, "Niambie tuliye naye humu ndani." Mutembei akamwambia yote. Joviana hakumlaumu. Alijifunika kanga tumboni, akaenda kukaa uwanjani kwa jirani yao Zuena, muuza maandazi.

"Hilo ni jini, shoga yangu," Zuena alisema, wala hakushangaa. "Na shemeji ndiye amelikaribisha. Ngoja nimwite shehe."

Shehe akaja, mtu mpole, akasoma kuanzia alasiri hadi magharibi na kanzu yake ikalowa yote. Alipotoka alimvuta Mutembei pembeni. "Angekuwa mwizi ningemtoa," alisema. "Huyu si mwizi. Ananiambia amealikwa, amekula na mwenye nyumba, na nikimsomea ananisomea haki zake." Padre naye alikuja, kwa kuwa Mutembei na mkewe walikuwa Wakatoliki wazuri wa kila Jumapili. Maji ya baraka yalipogusa ukuta yaliondoka kama mvuke kwenye bati la moto, na padre akashauri waendelee kusali.

Waliendelea kusali. Na tumbo la Joviana lilipokuwa zito kiasi cha kumfanya ashike kiuno akiinuka, kile kitu kikaomba tena. Ilikuwa mchana mweupe, watoto wa nyumba ile wanacheza nje, Zuena anakwangua kikaango, na Mutembei alikuwa anafunga kamba za viatu arudi kazini.

"Munywani."

"Nakusikia."

"Joviana akijifungua, mtoto ni wangu."

Mutembei aliiachia kamba. "Mtoto si kitu changu nikupe. Ana mama yake."

"Sikumwomba mama yake. Hakumeza yeye."

"Chukua kingine. Chukua nyumba. Nichukue mimi."

"Wewe nilishakuchukua," sauti ilisema, bila ubaya wowote. "Nimekaa na njaa muda mrefu, munywani. Ndizi hazinishibishi, maharage hayanishibishi. Huyo atanishibisha."

"Nikikataa?"

"Utavimba, utapasuka, utakufa. Na mtu akifa kwenu, nani huingia kuwalinda watoto wake?"

Mutembei alilijua jibu. Munywani. Ni munywani huingia, hushika ufunguo wa nyumba ya marehemu, hulea yatima kama wake, na hakuna wa kumuuliza. Akikubali, mtoto anakwenda. Akikataa, anakufa yeye na mtoto anakwenda. Hata kufa kulikuwa kumefungwa, na alikaa pale na kiatu kimoja mguuni huku watoto wakicheka nje, akiona kwamba pande zote ni ukuta na kwamba ukuta wenyewe aliujenga yeye kwa adabu yake nzuri.

"Sitoi," alisema. Ndivyo tu alivyoweza.

Tumbo lilianza kupanda pale pale. Halikushuka tena. Baada ya wiki chache lilikuwa linashindana na la mkewe, na wenzake kazini waliokuwa wakimtania wakaacha utani. Hospitali daktari aliingiza sindano apunguze maji, na maji yaliyotoka yalikuwa ya moto hata muuguzi akaliachia beseni. Usiku na mchana ile punje ilipiga katikati ya tumbo, tap, tap, taratibu, na Mutembei akaomboleza kwa Mungu, kwa Bikira Maria, kwa marehemu baba yake, kwa yeyote anayesikia.

Wakakimbilia kijijini Buganguzi, kwa shangazi yake Mutembei. Walijua ni bure kukimbia. Ndani ya basi palikuwa na nafasi tupu karibu yao.

Shangazi Kokugonza alikuwa akiishi peke yake katikati ya migomba yake, rozari shingoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi tangu asubuhi. Aliwapokea, akamlaza Joviana chumba cha ndani juu ya nyasi mpya, kisha akamsikiliza mpwa wake hadi mwisho huku akimenya. Hakuinua macho.

"Amekuomba chakula ukampa," alisema.

"Nilimpa."

"Kiti, mkeka. Ukampa. Sasa mtoto." Aliitupa ndizi kwenye maji. "Na wewe umemwomba nini?"

Mutembei hakuelewa.

"Mwana wange, wanywani ni wawili. Uliimeza yake, naye aliimeza yako. Wewe kila siku unakaa kama mdeni, unatoa tu. Umewahi kwenda kwake? Umewahi kusema, munywani, nina shida? Akikunyima, punje yako iko tumboni mwake."

"Nimwombe atuache?"

"Hilo si ombi, ni kumfukuza munywani, utapasuka kabla hujamaliza kusema. Omba kitu chake. Omba kile ambacho akikikosa hana sababu ya kurudi hapa. Mimi sijui ni nini. Utakiona ukifika kwake."

Joviana, aliyekuwa akisikiliza chumbani, alitoka, akamvika mumewe koti, akamfunga vifungo hadi palipofika, kwa sababu chini ya kifua koti halikufunga.

Ishengoma alikuwa anawapeleka walimu hifadhini. Alipomwona Mutembei getini na lile tumbo alimsaidia kupanda mbele ya Landrover.

"Unarudi kufanya nini, ndugu?"

"Kumtembelea rafiki."

Walikwenda kitambo. Nyuma walimu walikuwa wakibishana kama twiga anaweza kulia. Ishengoma alizungumza bila kugeuka. "Nilisema msisimame mvukeni."

"Ulisema."

"Sikusema sababu. Ningesema, mngecheka zaidi. Kati ya waliosimama humo, wa kwanza kurudi ni wewe."

Aliwaonyesha walimu nyati na viboko, kwa sauti ile ile ya mshenga, lakini leo maneno yalikuwa yanamtoka makavu. Bondeni Nyabihya aliwazuia wote mbali, akamwacha Mutembei ashuke peke yake kwenye mawe meupe, hatua moja na pumzi moja, mikono imeshika tumbo. Shimo lilikoroma. Maji yakaruka, mvuke ukashuka, na dunia ikafungwa.

"Munywani," sauti ilisema, na safari hii ilikuwa na furaha, furaha ya kweli ya mtu ambaye hajawahi kupata mgeni. "Umekuja kwangu. Karibu."

"Nimekaribia," Mutembei alisema. "Nimekuja na shida."

"Ingia."

Aliingia, ingawa hakukuwa na mlango, na ndani ya weupe ule aliona, au alidhani anaona, nyumba ya msonge kubwa kama kilima, yenye giza, isiyo na nyasi sakafuni, isiyo na mafiga, isiyo na chungu wala kigoda wala alama ya kisigino cha mtu yeyote aliyewahi kukaa, na alipotazama kuta aliona kwamba zote zimelambwa, kuanzia chini hadi juu, zimelambwa kwa miaka isiyohesabika mpaka zikawa laini, na katikati ya utupu ule alikuwa amekaa mwenyeji wake, mwembamba kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, mikono imelala magotini, akimtazama kwa upendo. Njiani alikuwa ameamua kumwomba nyumba. Sasa aliona kwamba akimnyang'anya nyumba atahamia Kashai moja kwa moja. Aliwaza kumwomba sauti, lakini asiye na sauti bado ana mdomo. Tumbo lilimkaza, ile punje ikapiga kwa nguvu, na akajua kwamba muda wake umekwisha.

"Omba, munywani," mwenyeji alisema. "Ingawa unaona mwenyewe. Sina kitu."

"Hata kimoja?"

"Njaa tu. Hiyo nimekuwa nayo tangu kabla ziwa halijajaa maji."

Na Mutembei, aliyemwona Joviana akimfunga vifungo, aliyemsikia mtoto wake akigeuka tumboni mwa mama yake usiku kucha, hakupima, hakungoja, hakujiuliza. "Basi naiomba hiyo," alisema. "Yote. Usijibakizie."

Maji yaliacha kutokota.

"Ikishatolewa hairudi," sauti ilisema polepole.

"Nimekuomba. Ninyime kama unaweza."

Yule kiumbe akaanza kutetemeka, na haikujulikana kama analia au anacheka. "Hakuna aliyewahi kuniomba," alisema. "Wewe ni munywani wa kweli." Akainuka, akanyoosha kiganja, na juu yake hapakuwa na kitu cha kuonekana, ila kilikuwepo. Mutembei aliinamisha kichwa akakichukua kwa midomo, akameza.

Upepo wa baridi ulipita bondeni na mvuke ukaondoka wote kwa pamoja. Walimu waliona mtu mwembamba amesimama kwenye mawe, koti limemlegea, tumbo bapa. Walingoja shimo lirushe tena, wakangoja, mmoja akanung'unika kwamba wamekuja bure. Ishengoma alishuka, akachovya kidole kwenye maji yaliyokuwa yakiivisha mayai. Yalikuwa baridi kama ya kisima. Alipiga ishara ya msalaba, naye alikuwa Mlutheri, hana kawaida hiyo.

Njiani Mutembei alikula mahindi ya Ishengoma, akala na mkate wa walimu. Buganguzi shangazi alipomwona alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Alikula ndizi na maharage ya watu wote wa nyumba, akaomba tena, na shangazi akaenda kuchimba viazi huku akicheka kwamba mgonjwa amepona, wampishe. Joviana alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu safari ile ya lori. Kiti kilichobaki kitupu tangu wafike kwa shangazi, Joviana alikikalia mwenyewe. Harufu ya kiberiti iliisha, maji ya mtungi yakawa baridi. Mutembei alijua kwamba hashibi, lakini mtu aliyetoka kuugua ana haki ya kula, na hakuna aliyelifikiria zaidi.

Joviana alijifungua alasiri ya mvua, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mkunga na wanawake wa jirani walimaliza kazi yao, shangazi akaenda kuwasindikiza, na Mutembei akaitwa ndani. Mkewe alikuwa amechoka na uso umejaa mwanga.

"Mshike mwanao," alisema. "Huyu ndiye uliyemfia."

Alimpokea. Alikuwa mdogo, wa moto, amepakwa samli, kichwa chake kinanukia maziwa. Mutembei aliona macho yake yanalowa, akashukuru. Kisha mdomo ukajaa mate. Aliyameza akidhani ni kilio, na mdomo ukajaa tena, na ile njaa ambayo ndizi na maharage na viazi vya kijiji kizima havikuigusa, iliyokuwa imelala ndani yake siku zote hizo bila haraka, ikainua kichwa, ikanusa, ikatulia kabisa, kwa sababu sasa imeona kilichokuwa kinangojewa, na Mutembei alijikuta ameinamisha uso hadi midomo yake imegusa utosi laini wa mtoto na hakukumbuka kuinama.

"Mchukue," alisema. "Joviana, mchukue. Sasa hivi."

"Mbona mapema hivyo? Unaogopa kumwangusha?"

Alimrudisha kitandani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. "Nikitoka, funga komeo. Nikibisha usifungue. Nikikuita kwa jina usifungue. Nikilia, Joviana, nikilia kama mtoto, usinifungulie."

"Umeshikwa na nini?"

"Nimekuomba. Funga."

Alitoka akavuka uwanja hadi kwenye migomba, akasimama mvuani na ngumi mdomoni, akisikiliza. Alitaka kusikia chuma kikiingia kwenye tundu lake, hicho tu, kisha akimbie na asirudi tena Buganguzi wala Bukoba. Mvua ilipiga majani. Komeo halikulia.

"Mutembei," sauti ya mkewe iliita, ya upole, yenye wasiwasi wa mke kwa mume aliyetoka kupona. "Rudi ndani, waitu, utalowa."

Mlango ukafunguka zaidi. Joviana akatoka barazani na mtoto kifuani, akajifunika kanga kichwani, akaanza kumfuata.